Kampuni nimesajili Tallinn, Estonia kwa siku moja, akaunti ya benki mwezi wa nne huu sijapata. Nakosea wapi?

Mchongoma wa Sinza (mleta mada)

Wakuu habari. Naenda moja kwa moja.

Natengeneza mifumo ya kuhifadhi nafasi kwa kampuni za utalii na loji ndogondogo. Nilianza na wateja wa Arusha na Karatu, sasa nina watatu wa Sweden na mmoja Uholanzi. Hawa wa nje wanataka kulipa kwa kadi kila mwezi, wakatwe tu wenyewe. Stripe haifungui akaunti kwa biashara ya Tanzania, na PayPal kwetu ni ya kutuma, kupokea sahau. Nikasikia habari za ukazi wa kidijitali wa Estonia, yaani kadi ya serikali yao inayomruhusu mgeni kufungua na kuendesha kampuni kule kwa mtandao, nikaingia.

Nililipa euro 150 ya maombi. Kadi nikaichukulia ubalozi wao Berlin nilipokwenda kikazi. Alama za vidole dakika mbili, nikakabidhiwa kasha dogo lenye kadi, kisomeo na bahasha ya namba za siri. Nikarudi nyumbani. Usiku mmoja umeme umekatika, natumia bando la simu, nikajaza fomu ya kampuni: jina, shughuli, mtaji, anwani ya Tallinn ya kukodi. Namba ya siri ya kwanza ya kuingilia, ya pili ya kusaini. Euro 265 ikatoka. Kesho yake saa sita mchana nina kampuni ya Umoja wa Ulaya yenye namba ya usajili ya tarakimu nane. Nikamwonyesha mke wangu, akauliza, "Kwa hiyo hela ziko wapi?"

Hilo ndilo swali langu. Benki moja ya huko imenijibu hapana, sababu haitolewi. Kampuni mbili za malipo za mtandaoni: moja kimya, nyingine kila wiki inaomba karatasi mpya. Tatizo ni nini hasa? Pasipoti? Nchi? Mimi?

Kibajaji Mwekundu

Mkuu BRELA, wasajili wa kampuni wa kwetu, ipo hapahapa Dar, hata ndege hupandi. Ila sawa, wewe ni wa kimataifa.

Natia nanga hapa.

Mswahili wa Espoo

Mleta mada, usijilaumu. Mimi naishi Finland, Tallinn ni mwendo wa saa mbili kwa meli, nimefungua kampuni pale 2021. Tatizo lako ni historia. Tawi la Danske Bank pale Tallinn lilipitisha takriban euro bilioni 200 za wateja wa nje kati ya 2007 na 2015, sehemu kubwa ikawa fedha za kutiliwa shaka, na 2019 mamlaka ya Estonia ikawaambia wafunge. Nchi ina watu milioni moja na laki tatu hivi, halafu bilioni 200 zinapita kwenye tawi moja! Tangu hapo ofisa wa benki wa Tallinn akiona mkurugenzi anaishi nje, mteja yuko nje na kazi inafanyika nje, anajiuliza: sasa huyu Estonia anafuata nini?

Na ukweli ni kwamba hujibu hilo swali kwenye fomu. Watu wengi huandika "ushauri wa biashara" kisha wanashangaa.

Kisauni Digital

Bwana Espoo, hiyo ya Danske ni hadithi ya zamani. Mimi niko Mombasa na nilikataliwa na kampuni ya malipo ambayo haina hata dawati Estonia. Sababu ni orodha ya kijivu ya FATF, wale wa kimataifa wanaofuatilia nchi zenye udhibiti dhaifu wa fedha chafu. Nchi yako ikiwa kwenye orodha ya kijivu, kompyuta yao inakutupa kabla binadamu hajaiona fomu. Tanzania iko, Kenya iko, Kongo iko. Kwisha maneno.

mama_Lulu

Kisauni, rekebisha hapo kaka. Tanzania iliingia Oktoba 2022 ikatoka Juni 2025. Ninyi Kenya ndio mliingia Februari 2024. Uganda ilitoka Februari 2024, kikao kilekile mlichoingia ninyi, mkapishana mlangoni. Na Umoja wa Ulaya una orodha yake mwenyewe, haifutiki siku ileile FATF inapofuta.

Kisauni Digital

Asante dada kwa masahihisho. Lakini si ndio hayo hayo? Orodha yafutwa leo, kompyuta ya benki yapata habari mwaka ujao.

Fundi Saa

Swali la kijinga: hiyo "OÜ" inayoandikwa mwisho wa majina ya kampuni za Estonia inasomwaje?

Mswahili wa Espoo

Osaühing, ni kama "Limited" yetu. Ukisoma herufi tupu unasema "oo" halafu "üü", midomo mbele kama unapuliza chai.

Kibajaji Mwekundu

Yaani kama mtu kagonga kidole cha mguu kwenye kona ya kitanda. Nimekariri.

Kitabu cha Madeni

Mimi naona mnamzungusha mleta mada. Faida ya Estonia ni moja: hakuna kodi. Sifuri. Kwa hiyo subiri tu hiyo akaunti, vumilia. Tatizo lingine ni mtaji wa euro 2,500, huo uliuweka mkuu? Kama hukuuweka ndiyo maana benki hazikuamini.

mama_Lulu

Kitabu cha Madeni, jina lako limenitisha na ushauri wako umenitisha zaidi.

Mtaji wa 2,500 uliondolewa 1 Februari 2023. Sasa hivi unaweza kuanza na senti moja. Na kodi si sifuri. Faida ikikaa ndani ya kampuni haitozwi. Siku ukiitoa kama gawio, inatozwa 22 kwa 78. Tuseme una faida ya euro 10,000 na unataka kuitoa yote: wewe unapokea 7,800, serikali yao 2,200. Hadi mwisho wa 2024 ilikuwa 20 kwa 80. Ukijilipa posho ya mkurugenzi, hiyo inakatwa kodi ya mapato kwao pamoja na kodi ya jamii ya asilimia 33, hata kama hujawahi kukanyaga Tallinn. VAT yao tangu Julai 2025 ni asilimia 24, lazima ujisajili ukivuka euro 40,000.

Sasa nije kwa mleta mada, maana hili hakuna aliyeligusa. Mdogo wangu, kampuni inaendeshwa kutoka wapi? Sinza. Maamuzi yanafanyika wapi? Sinza. Sheria yetu ya kodi ya mapato ya 2004 inasema kampuni ikiongozwa na kusimamiwa kutoka Tanzania ni mkazi wa Tanzania, haijalishi cheti kimetoka wapi. Kodi asilimia 30, kwa faida ya dunia nzima. Mkataba wa kuepuka kutozwa mara mbili tunao na Finland, Sweden, Denmark na Norway. Estonia hatuna. Hujapata akaunti, lakini TRA tayari unao.

Mchongoma wa Sinza

Dada mama_Lulu umeniharibia chai ya asubuhi. Nashukuru lakini.

Tuelewane, sikwenda Estonia kukwepa kodi. Nimekwenda kwa sababu mteja wa Göteborg hataki kwenda benki kutuma dola kila mwezi kwa ajili ya euro 39. Ada ya kutuma inakaribia kuzidi bili yenyewe.

Mzee wa Posta ya Zamani

Vijana, wote mnaongelea siasa za dunia, mimi nauliza kitu kidogo. Mleta mada, hizo karatasi mpya wanazokuomba kila wiki ni zipi? Nahisi jibu liko hapo.

Mchongoma wa Sinza

Shikamoo mzee. Ni uthibitisho wa makazi. Wanataka bili ya umeme, maji au gesi, isiyozidi miezi mitatu, yenye jina langu na anwani ya nyumba.

Umeme ni LUKU. Nikawatumia picha ya ujumbe wa simu wenye tarakimu ishirini za tokeni. Wakajibu hii si bili. Nikaeleza kwamba kwetu tunalipa kwanza ndipo tunawasha taa, bili haipo. Wakasema basi maji. Maji yapo, yana bili, ila jina ni la marehemu baba yake mwenye nyumba. Gesi? Nilitamani niwapige picha mtungi.

Taarifa ya benki ya hapa ninayo, jina ni langu, anwani ni S.L.P. Hawapokei sanduku la posta. Nikaenda serikali ya mtaa, mwenyekiti akaniandikia barua nzuri kabisa, ina picha yangu na muhuri umepita juu ya picha: "anaishi katika mtaa wetu, nyuma ya msikiti, jirani na kwa mama muuza mkaa." Wakajibu wanaomba tafsiri, na namba ya nyumba.

Kibajaji Mwekundu

"Jirani na kwa mama muuza mkaa" 😂😂😂 Tallinn wakae na ramani yao.

Kisauni Digital

Nacheka lakini naumia. Huku ni hivyo hivyo, stima ni tokeni, barua ni sanduku la posta. Mimi nilisema ni FATF, kumbe nikikumbuka vizuri na mimi walinikwamisha kwenye anwani kabla ya kunikataa. Ila sikubali kwamba ndiyo sababu yote. Rafiki yangu alitumia mkataba wa nyumba uliosainiwa na wakili, anwani safi, na bado alipigwa chini.

BinSaid Muscat

Assalamu alaykum. Mimi nina kampuni Tallinn na akaunti nilifungua kwa siku sita. Pasipoti yangu ni ya Tanzania, mzaliwa wa Pemba. Kadi niliichukulia ubalozi wao Abu Dhabi. Tofauti yangu na mleta mada ni kwamba naishi Oman, bili ya umeme ina jina langu kwa Kiarabu na Kiingereza, na kampuni yangu inanunua vipuri kutoka kwa muuzaji wa Estonia kwelikweli. Kwa hiyo suala la pasipoti mlitoe.

Mswahili wa Espoo

Umeona? "Inanunua kutoka Estonia." Ndicho nilichosema. Anwani ni kisingizio, wanatafuta uhusiano na nchi.

Mzee wa Posta ya Zamani

Na mimi naona "bili ya umeme ina jina langu." Kila mtu anaokota alichokuja kukitafuta.

Papa wa Ixelles

Bandugu jambo. Miye ni mtu wa Bukavu, niko hapa Bruxelles toka 2012. Niseme: kampuni ya karatasi na kampuni ya kukaa pale ni vitu viwili. Mimi nilifungua SRL hapa, ni kama ile "Limited" yenu, duka la vyakula vya kwetu, fufu, sombe, makayabu. Mtaji wa lazima uliondolewa 2019, lakini musidanganyike. Lazima uende kwa notaire, mwanasheria wa kuthibitisha hati, na mpango wa fedha wa miaka miwili, mstari kwa mstari. Kampuni ikifilisika mbele miaka mitatu haijatimia na ionekane mtaji ulikuwa mdogo waziwazi, hakimu anafungua ule mpango na anakutafuta wewe mwanzilishi. Notaire wangu aliniuliza friji itakula umeme wa ngapi kwa mwezi. Sikujua. Akanirudisha nyumbani.

Na kama huna karatasi za Ulaya, kujitegemea hapa kunataka carte professionnelle kwanza, kibali cha mgeni kufanya biashara. Miye nilingoja sana. Lakini siku ile nilipata kampuni, benki ilinifungulia, sababu duka wanaliona na macho. Wanaweza kuja kununua sombe.

Fundi Saa

Papa, makayabu unauza bei gani kilo? Niko Antwerpen.

Papa wa Ixelles

Kuja Jumamosi, usiulizie bei mbele ya watu.

Injinia Mstaafu

Kwa nini hakuna anayetaja London? Pauni 12 tu, robo saa umemaliza. Mimi mwanangu kafanya hivyo.

mama_Lulu

Mzee wangu, pauni 12 ilikufa Mei 2024, ikawa 50, na Februari 2026 ikapanda tena hadi 100. Tangu Machi 2024 anwani ya kampuni haiwezi kuwa sanduku la posta, kwa hiyo S.L.P. inatufuata mpaka London. Na tangu Novemba 2025 wakurugenzi wapya wanathibitisha utambulisho wao kwanza. Kodi ya faida ni 19 kwa faida isiyozidi pauni 50,000, juu inapanda kuelekea 25, na hiyo unalipa hata usipogawana.

Kitabu cha Madeni

Basi Dublin, Ireland, kodi ya faida asilimia 12.5.

Mswahili wa Espoo

Dublin bila mkurugenzi anayeishi ukanda wa kiuchumi wa Ulaya unaweka dhamana ya euro 25,000 kwa miaka miwili. Unazo?

Kitabu cha Madeni

Ninazo kwenye kitabu.

binti_Makorora

Mimi nina mawazo tofauti na wote. Nafanya kazi kitengo cha kukagua wateja kwenye kampuni ya malipo (sitaji ipi, wala iko nchi gani). Tunapoona kampuni ya Tallinn, kitu cha kwanza si pasipoti wala orodha. Tunaangalia ile anwani ya kukodi. Jengo moja linaweza kuwa na kampuni mamia kwa mamia, zote ghorofa ileile, mtu wa mawasiliano yuleyule. Sheria yao inaruhusu, kama bodi iko nje inabidi hata uwe na mtu wa mawasiliano. Lakini mfumo unaona nyumba moja yenye watoto mia nane. Halafu unakuta tovuti ya kampuni ina ukurasa mmoja, "karibu, tunakuja hivi karibuni." Hapo sihitaji kujua Sinza iko wapi.

Mleta mada, tovuti yako ikoje?

Mchongoma wa Sinza

Tovuti ina ukurasa mmoja.

Msinicheke. Fundi viatu hana viatu.

Kibajaji Mwekundu

Mtu anatengenezea dunia nzima mifumo, kwake "tunakuja hivi karibuni." Unakuja kutoka wapi mkuu?

Mswahili wa Espoo

binti_Makorora nakubali nusu. Kampuni yangu iko kwenye jengo la namna hiyohiyo na nilipita. Ila mimi nilivuka kwa meli, nikakaa mbele ya ofisa na mikataba miwili mkononi. Ile meli nayo ni kituko, Wafini wanakwenda kununua pombe maana Tallinn ni nafuu. Wanarudi wanavuta makreti kwenye vitoroli. Ukiwaona bandarini utadhani ni abiria wa boti ya Unguja wakati wa sikukuu, tofauti ni mzigo tu.

Ushauri wangu: nenda mwenyewe.

Kisauni Digital

Kwa viza gani? Ile kadi haikupi viza, haikupi ukaazi, ni kitambulisho cha kwenye kompyuta tu. Viza ya Schengen ni euro 90 tangu Juni 2024, na hapo wakuulize uthibitisho wa makazi tena. Mduara.

Mzee wa Posta ya Zamani

Hapo kwenye mduara nimecheka peke yangu sebuleni.

Dereva wa Usiku

Nimesoma yote. Mimi naendesha Bolt Dar, sijui mambo ya kampuni. Ila nimegundua leo kwamba Bolt nayo ni ya Tallinn?

Mswahili wa Espoo

Ndiyo kaka. Markus Villig aliianzisha 2013 akiwa na miaka 19, ikiitwa mTakso, baadaye Taxify. Skype nayo ilijengwa na wahandisi wa mji huohuo, 2003.

Dereva wa Usiku

Kumbe kila siku nawapelekea asilimia yao. Mleta mada waambie hao wa benki nyie mnafahamiana, uhusiano na Estonia upo.

mama_Lulu

Dereva kajibu swali kuliko sisi sote 😄

Kwa uzito kidogo: mdogo wangu, hata ukipata akaunti, kumbuka taarifa ya mwaka. Kama mwaka wako ni wa kalenda, mwisho ni 30 Juni, uwe umefanya biashara au hukufanya. Usipowasilisha wanakupiga faini na mwisho wanaifuta kampuni kwenye rejesta. Mhasibu wa huko unalipa kila mwezi kwa kampuni isiyoingiza senti. Kuna kampuni zinazouza programu kwa niaba yako, zinakusanya kadi za wateja, zinakukata asilimia na kukutumia kinachobaki kwenye akaunti yako ya hapa. Kwa wateja wanne ingetosha.

Mchongoma wa Sinza

Hiyo nilishaifikiria dada. Ni moyo tu umeshakwenda.

Naanza na tovuti wikiendi hii, naweka wateja wote wanne na bei. Mikataba ya Sweden naiambatisha. Halafu narudi hapa.

Mchongoma wa Sinza (baada ya siku tisa)

Mrejesho wakuu. Tovuti iko hewani kurasa saba. Wale wa karatasi wamejibu siku mbili baadaye, sijui ni tovuti au ni mikataba au wamenichoka. Wamesema mengine yote sawa, wamebakiza anwani. Wanakubali barua ya serikali ya mtaa iliyotafsiriwa, mradi iwe na namba ya nyumba na jina la barabara.

Nikakumbuka ile operesheni ya anwani za makazi ya 2022, walibandika vibao. Nikatoka nje na tochi. Kibao kipo getini! Ila mwenye nyumba alipopaka geti rangi mwaka jana akakipaka na chenyewe. Chote. Kijani.

Kibajaji Mwekundu

Kampuni ya Umoja wa Ulaya imekwama kwenye rangi ya geti Sinza.

Mzee wa Posta ya Zamani

Nilisema mimi. Ni anwani.

Mswahili wa Espoo

Mzee, wamemjibu baada ya kuona mikataba. Ni uhusiano.

binti_Makorora

Tovuti.

Mchongoma wa Sinza

Mwenye nyumba amekubali nikwangue Jumamosi, mradi nimnunulie kopo la rangi.

Fundi Saa

Wakuu samahani nichomekee swali. Na mimi nimepata kadi ya Estonia mwezi uliopita. Namba ya siri ya pili nimeikosea mara tatu imejifunga. Nafanyaje?

Mswahili wa Espoo

Unaifungua kwa PUK, tarakimu nane, iko kwenye bahasha ileile ya namba za siri. Usiniambie uliitupa.

Fundi Saa

Ile bahasha?

Kibajaji Mwekundu

Oo. Üü.